Duru Tatu za Tasbihi

Mtu akiingia kwenye chumba cha jiwe, wanaobaki nje wanamwombea mpaka taa izimike. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Wagonjwa wenyewe waliianza, kwenye benchi la korido ya kituo cha mionzi, juu ya kilima kimoja cha Butembo, na kila mgeni aliikuta akaifuata. Wakatoliki walishika rozari. Waprotestanti walinong'ona macho yamefumbwa. Hawa alikuwa na tasbihi ya mama yake, shanga tisini na tisa za mti mweusi, ambayo mama alimwekea kiganjani kila alipoitwa kuingia.

Jiwe lenyewe, lile linalotoa mionzi, hakuna aliyewahi kuliona. Lilikaa ndani ya kichwa cha mashine, limefungiwa na madini mazito, na taa nyekundu juu ya mlango ndiyo iliyotoa habari zake. Ikiwaka, jiwe limetoka, linamwangalia mgonjwa. Ikizimika, limerudi kulala.

Fundi wa mashine aliitwa Octave, mtu wa Kasai, mfanyakazi wa serikali aliyehamishiwa huku, mpole, aliyewasalimu wagonjwa kwa majina yao na ya watoto wao. Siku ya kwanza alimtembeza Hawa kila pembe, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga mwenyewe.

"Na huu mulango, mama Aisha," alisema, akiupigapiga, "ukifungua tu kidogo, jiwe inakimbia kulala yenyewe. Hata miye nikikataa, inaenda. Machine iko na akili kunipita."

"Kumbe hata mutoto anaweza kuizima?"

"Hata mutoto. Mais hapana jaribu, hein! Kupanga mugonjwa tena ni kazi."

Walicheka, na mtoto wake Aisha, mgongoni, akacheka pia, maana alikuwa na miezi tisa na alicheka kila alipousikia mgongo wa mama yake unatikisika.

Hawa hakuwa muuguzi. Alikuwa binti wa Bungulu, kule Beni, wa ukoo wa wasafirishaji: baba yake aliendesha lori mpaka akafa, na mume wake Djuma anaendesha lori mpaka leo. Shule aliiacha mapema, akaifuata tena kwenye masomo ya jioni akiwa na mimba, akafanya mtihani wa mwisho tumbo likigusa meza. Alikuja Butembo kumuuguza mama yake, Jumaine, aliyekuwa na saratani ya kizazi. Kwenye korido hiyo daktari Aurélie alimkuta akimsomea mzee mmoja karatasi yake ya hospitali na kumgeuzia Kifaransa chake kiwe maneno ya nyumbani. Siku hiyo hiyo akampa kazi.

Daktari alikuwa anauchunguza ugonjwa wa mionzi: nani unampata kati ya wanaotibiwa, unaanza siku gani, unaondoka lini. Kazi ya Hawa ilikuwa kumwuliza kila mgonjwa maswali yale yale kila siku na kujaza fomu ya kijani. Kichefuchefu, kutapika, kuhara, vidonda vya mdomo, homa. Ijumaa kidole kinachomwa, damu inapimwa. Jumamosi Hawa anapiga fomu picha kwa simu na kumtumia daktari, ambaye alikuwa amerudi Kinshasa.

Shida ni kwamba wagonjwa walidanganya. Aliyeongoza alikuwa mzee Lusenge, mkulima wa kahawa kutoka Kalunguta, mwenye ugonjwa wa prostate, yaani tezi dume, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata mbele ya jiwe.

"Wabukire, mzee," Hawa alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Leo ulitapika?"

"Andika: mugonjwa iko na njaa ya nyama ya mbuzi."

"Mzee, nakuuliza kutapika."

"Na miye nakujibu nyama. Ukiandika nilitapika, batasema, Lusenge, pumuzika wiki moja. Kahawa yangu atachuma nani? Weye na hako kabébé?"

Benchi zima likacheka. Hawa naye alicheka, kisha akainama kidogo na kuangalia chini ya benchi, ambako beseni la mzee lilikuwa limefunikwa na gazeti.

Alimpenda mzee huyo. Wagonjwa wengine, mwanzoni, walikataa kumshika Aisha, wakiogopa mwangaza waliopigwa utamrukia mtoto. Hawa aliwaeleza kama daktari alivyomweleza yeye: mionzi haikai mwilini, inapita kama mwanga wa jua dirishani. Lusenge ndiye aliyenyoosha mikono kwanza. "Nilete huyo mujukuu. Kama jua imepita, imepita."

*

Ugonjwa wenyewe ulianza kuwa mbaya baada ya ville morte ya kwanza.

Mtu wa Butembo hahitaji kuelezwa. Vikundi vya vijana vinatangaza, kwa sababu ya mauaji vijijini au kwa sababu nyingine, kwamba Jumatatu na Jumanne mji umekufa: hakuna duka, hakuna pikipiki, hakuna shule, na atakayefungua mlango atajibu mwenyewe. Kituo nacho kilifungwa. Lakini Butembo ni mji usiopenda kupoteza siku. Jumatano inapofika, wenye maduka wanafungua kabla jua halijatoka, malori yanapakia mizigo ya siku tatu, walimu wanafundisha masomo ya siku tatu wakikimbiza chaki, na vinyozi wananyoa mpaka mikono inatetemeka. Jumatano ya namna hiyo mji wote unatembea mbio mbio.

Na Jumatano hizo, saa chache baada ya kutoka kwenye chumba cha jiwe, wagonjwa walianza kuanguka. Si kichefuchefu kile cha siku zote, cha kutema mate na kuomba ndimu. Walitapika mpaka nyongo. Alhamisi hawakuamka. Wiki iliyofuata walihara, midomo ikawatoka vidonda, na damu ya Ijumaa ilirudi kutoka maabara na tarakimu zilizoshuka kama ndoo iliyokatika kamba.

Baada ya ville morte ya tatu, Antoinette alikufa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kisangani, mwenye sauti ya kumfikia mtoto wa dawati la mwisho. Saratani yake ilikuwa tumboni na ilikuwa imeanza kunywea. Daktari mwenyewe alikuwa amefurahi. Wiki ya mwisho fizi zake zilitoka damu, akawa anafunika mdomo na kiganja anapomjibu Hawa maswali ya fomu. "Andika vizuri, mwanafunzi wangu," alimwambia Ijumaa. "Weka nukta." Jumapili hakuwepo tena.

Kisha maneno yakaanza. Karuho, walisema, sumu ile ya polepole ambayo mtu analishwa na jirani yake. Jumatano soko linakuwa halijajaa, si ndiyo? Kwa hiyo Rébecca, mpishi wa wagonjwa, anapika nini Jumatano? Anapata wapi? Rébecca aliapa, akalia, akavua kitambaa chake cha jikoni akakitundika msumarini, na hakurudi tena. Wagonjwa wakaanza kula mihogo mikavu waliyofungiwa na watu wao. Hawa naye, aibu ikimla sasa hivi anapokumbuka, aliacha kumlisha Aisha uji wa jikoni.

"Kwa dozi hizi ndogo watu hawaumwi hivi, Hawa," daktari Aurélie alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. "Kuna kitu kimebadilika. Unitafutie."

*

Jumamosi mchana, katika chumba walichopangishwa nyuma ya kituo, Hawa alimlaza Aisha, akatandika mkeka, akaanza kuzipanga fomu za miezi miwili. Kwanza alizipanga kwa mgonjwa, hakuona kitu. Akazipanga kwa chakula, hakuona kitu. Kisha akazipanga kwa siku, na mkeka ukaonekana kama shamba lililoota sehemu moja tu: Jumatano nne zilizofuata ville morte zilikuwa na lundo, na Jumatano za kawaida zilikuwa na karatasi mbili tatu.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, amejifunga shali mbili. Baridi ya Butembo hakuwahi kuizoea. Alikuwa amekonda, pete yake aliihamishia kidole gumba. Mikononi alizungusha tasbihi, polepole, akiwaombea waliokufa, na Hawa akawa anasikia shanga zikigongana, tk, tk, tk, na ghafla akainua kichwa.

"Mama. Miye nikikuombea pale inje, namaliza duru moja, taa inazimika. Duru moja. Kila siku."

"Ndiyo. Na miye nikimuombea Lusenge, vile vile. Duru moja inamutosha."

"Na Jumatano ya ville morte?"

Mama akasimamisha kidole juu ya ushanga. Aisha alikoroma kidogo.

"Tatu," alisema. "Nilizungusha mara tatu. Nikafikiri ni miye nasoma mbio, juu ya woga."

Hawa naye alikuwa amezungusha mara tatu. Jumatano mbili mama yake alizokuwa ndani, gumba lake lilipita shanga zote tisini na tisa, likaanza upya, likaanza upya tena, na yeye alidhani ni hofu ya binti kwa mama yake inayorefusha dakika. Fomu ya kijani haikuwa na mahali pa kuandika hivyo. Iliuliza mgonjwa ametapika mara ngapi. Haikuuliza taa imewaka kwa muda gani.

Jioni hiyo, akienda kuanika nepi, aliona kwenye kamba, nyuma ya khanga, kitambaa cha mama yake kilichofuliwa kwa siri. Alama ya damu ilikuwa bado haijatoka.

*

Jumapili asubuhi filimbi zilipita mitaani na watu waliokuwa na vipaza sauti: kesho na kesho kutwa, ville morte. Hawa alimsubiri Octave mlangoni pa parokia mpaka misa ikaisha.

"Papa Octave. Jumatano ya ville morte, taa inawaka mara tatu kupita siku zingine. Juu ya nini?"

Uso wa Octave ukafunguka kwa furaha, na hilo ndilo lililomtisha Hawa kuliko yote.

"Umeona! Hakuna mwingine aliona. Ninabasaidia, mama Aisha. Lundi imepotea, mardi imepotea, donc mercredi ninabapatia yote tatu. Mugonjwa hapotezi kitu. Vingt-cinq ni vingt-cinq, ishirini na tano zote bila kupungua."

"Docteur Aurélie anajua?"

"Docteur iko Kinshasa. Kule ville morte haiko." Alipunguza sauti. "Na sikuanza miye. Ni beye balinilomba. Mzee Lusenge. Mama yako pia. Balisema: Papa Octave, tuko mbali na nyumba, barabara iko mubaya, utumalize mbio. Ningebakatalia? Mji muzima unafanya vile."

"Dawa ya malaria ni ya siku tatu. Ukimeza yote asubuhi moja?"

"Ile ni vidonge. Hii ni mwangaza."

"Papa Octave, nilipanga makaratasi yote. Bote banaanguka siku ile. Na madame Antoinette—"

"Eh! Tika! Wacha!" Alirudi nyuma hatua moja. Watu waliotoka kanisani waligeuka. "Hapana niwekea Antoinette kwa mikono. Miye nilimubebea mufuko wake."

Hapo mwanzo palikuwa na mhandisi wa kupima dozi, mgeni. Risasi zilipolia barabarani alifunga mabegi, akaahidi kurudi. Octave aliyebaki alikuwa mpiga picha za mifupa, na mashine ya jiwe alifundishwa wiki tatu tu. Hawa alilijua hilo, na alimwonea huruma akiwa amesimama pale na suti yake ya Jumapili.

"Uniletee karatasi ya docteur," Octave alisema mwishowe. "Miye mutu wa serikali. Bila karatasi siwezi kubadirisha kitu."

"Na ya kuanza, ulikuwa na karatasi?"

Octave aliangalia viatu vyake. Kisha aliondoka.

Hawa alipiga simu Kinshasa mara kumi na moja. Sauti ya mashine ilimwambia nambari haipatikani. Akapiga picha fomu zote, akaandika chini yake yote aliyoyajua, duru moja, duru tatu, Octave, Antoinette, akatuma. Alama moja ya kijivu ilitokea, ikakaa pale: ujumbe haujamfikia. Adhuhuri mtandao ulikatwa mji mzima.

"Mama," alisema, "Jumatano usiingie."

"Nisiingie aje? Niko na tatu tu zinabakia. Octave atazitia, kesho yake, jeudi, napanda na Djuma, vendredi jioni mwezi unaonekana. Ninataka daku ya kwanza nikulie kwangu Bungulu, kwa sufuria yangu."

"Jiwe linakuunguza ndani. Niliona kitambaa."

Mama alimvuta Aisha, akampakata, akamnusa utosini. "Mwanangu, ule ugonjwa uliniunguza mbele ya jiwe. Unataka ningojee mpaka lini? Mpaka ville morte ingine? Kisha ingine? Siku zangu zitaisha hapa kwa hii baridi, nikingojea batu bafungue milango."

Hilo ndilo lililomnyima Hawa usingizi: mama hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka tu, na njia ya kwenda nyumbani ilikuwa inapita ndani ya chumba kile.

Jumatatu mji ulikufa, na Jumanne ulikufa zaidi. Moshi wa matairi ulipanda kutoka kwenye mzunguko wa barabara, na baada yake hata moshi ukaisha. Milango ya chuma ilikuwa imeshuka mtaa mzima. Hawa alitembea ukutani mpaka ofisi ya daktari wa zamu; mlinzi alisema daktari yuko Beni na barabara imefungwa. Alirudi. Simu aliishika mpaka ikapata joto. Alama moja ya kijivu.

*

Jumatano kabla ya saa moja malori yalikuwa yananguruma. Korido ilijaa; wagonjwa kumi na wawili, kila mmoja na beseni lake jipya, kwa sababu walikuwa wamejifunza. Hakuna aliyesema kwa nini ameleta beseni. Octave alipita bila kumtaja mtu jina. Macho yake yalikuwa mekundu, na Hawa alielewa kwamba hata yeye hakulala.

"Karatasi?" Octave aliuliza.

"Mtandao haujarudi. Papa Octave, nakulomba, leo ubapatie ya leo tu."

Octave aligeukia benchi. "Lusenge," aliita.

Mzee alisimama, akarekebisha kofia. "Leo ananichoma zote tatu, kesho niko kwa kahawa. Mama Aisha, andika mapema: mugonjwa alitoka na kucheza."

"Mzee, usiingie."

"Na nani ataingia? Kofia?"

Mlango ukafungwa. Taa ikawaka. Mama Jumaine alikuwa na tasbihi, na midomo ya benchi zima ikaanza kwenda. Hawa alisimama. Alimwona mama yake akifika ushanga wa mwisho, duru ya kwanza. Taa iliwaka. Alijua. Angeweza kusogea hatua nne tu. Aliangalia simu: alama moja. Alijiambia daktari atajibu sasa hivi, alijiambia yeye ni mtu wa fomu tu, alijiambia watu watampigia kelele. Duru ya pili ikaisha. Hawa alikuwa bado anajiambia. Duru ya tatu ilipoisha taa ikazimika, na mzee Lusenge akatoka akifunga vifungo vyake, anatabasamu.

"Muliona? Hata sikusikia kitu."

Aliketi, akanyoosha mikono. "Nilete mujukuu." Hawa alimfungua Aisha mgongoni, akampa, bila kumtazama mzee usoni.

"Mama Jumaine," Octave aliita.

Mama alimwekea Hawa tasbihi kiganjani kama siku zote. Vidole vyake vilikuwa baridi. Mlango ulifungwa, taa ikawaka, na Hawa akaanza. Hakusoma mbio. Alisoma kama mama yake alivyomfundisha akiwa mdogo kule Bungulu, kila neno lifike mwisho wake, kila ushanga upite. Thelathini na tatu. Sitini na sita. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari kwenye mpini. Tisini na saba, tisini na nane.

Tisini na tisa. Akavuta.

Mlango ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alivuta kwa uzito wote wa mwili, ukaachia. Taa ikazimika. Ndani ya ukuta kitu kiligonga mara moja, kama droo inayofungwa, na kengele ikaanza kulia.

"Nani amefungua?" Octave alikuwa amekwisha toka kwenye kijumba chake cha kuendeshea mashine. "Mama Aisha! Hapana ukaribie! Kama haikurudi?"

"Ulisema inarudi. Ulisema hata mutoto."

"Funga!"

"Sifungi."

Nyuma yake benchi lililipuka. Mwanamke mmoja alisema binti huyu ana wazimu, mwingine kwamba yeye ametoka Beni kwa miguu, na leo lazima amalizwe. Mama Jumaine alikaa juu ya kitanda cha mashine, khanga imeshikwa kifuani, uso wake umejaa aibu na hasira.

"Hawa! Unanivua mbele ya batu? Nimekuzaa juu ya hii?"

"Funika mwili, mama. Ya leo umekwisha pata. Imetosha."

"Ondoka mulangoni," Octave alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu.

"Nitasimama hapa mpaka jioni. Kila mutu duru moja. Ukitaka kuongeza, kwanza uhesabu haya." Alichomoa fomu kwenye mfuko wake na kumsukumia kifuani. "Hizo za juu ni za Antoinette. Angalia tarehe, papa Octave. Angalia tarehe tu."

Octave alizipokea kwa sababu zingeanguka. Alisoma ya kwanza amesimama. Ya pili alisoma ameegemea ukuta. Jumatano, tarehe, kutapika, mara kumi na nne. Jumatano, tarehe, kutapika, hesabu ilipotea. Kwenye ya mwisho Hawa alikuwa ameweka nukta kubwa kabisa, kama mwalimu alivyotaka. Kengele ililia na hakuna aliyeizima. Kisha mtu wa Kasai aliketi sakafuni katika koti lake jeupe, karatasi magotini, na korido ikanyamaza kidogo kidogo, mtu mmoja baada ya mwingine, maana walikuwa wanamjua kama mtu asiyeketi kamwe.

"Nilifikiri ninabalinda na hatari ya barabara," alisema.

Mama Jumaine alitoka nje polepole, akishika ukuta. Alipita karibu na binti yake, akasimama, akachukua tasbihi yake kiganjani mwa Hawa. Lakini mkono wake ulikawia pale, juu ya vidole vyekundu vilivyovuta mlango.

"Ni ngapi zinabakia?" aliuliza.

"Mbili, mama. Kesho moja, vendredi moja. Samedi tunaenda."

"Basi daku ya kwanza nitakulia hapa." Alijifunga shali. "Mutu mugonjwa amesamehewa kufunga, mais kuamka ataamka."

Simu ya Hawa ikatetemeka mfukoni. Mtandao ulikuwa umerudi. Chini ya picha zake palikuwa na alama mbili, na chini ya alama hizo maneno ya daktari yote kwa herufi kubwa: SIMAMISHENI MASHINE. ASIINGIE MTU. NANI AMEKWISHA INGIA LEO?

Hawa alisoma swali hilo mara mbili, kisha akageuka kwenye benchi.

Mzee Lusenge alikuwa bado amempakata Aisha. Alikuwa amemvisha kofia yake ya sufu, nayo ilimshuka mtoto mpaka puani, na mtoto alikuwa anaila ukingo wake. Bila kofia kichwa cha mzee kilionekana kidogo. Alisikia yote, alisikia tarehe na hesabu. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika kumi.

"Bado niko muzima," alisema mzee. "Muniache kuniangalia vile."

Hawa aliketi upande wake mmoja. Mama Jumaine, bila kuitwa, aliketi upande wa pili na kuanza tasbihi. Octave aliinuka sakafuni, akazima kengele, akaenda akarudi na maji, chumvi na sukari, akasimama na jagi mkononi kama mtu anayengoja amri. Wengine walikaa na mabeseni yao, ambayo leo hawangeyahitaji. Daktari alikuwa kwenye simu, anauliza uzito wa mzee, anauliza damu yake ya Ijumaa, anasema apelekwe wodini, atundikiwe maji, apimwe kila siku, bado kuna la kufanya, Hawa, unanisikia, tumejua mapema mara hii. Hawa alisema anasikia.

Saa tatu kasoro robo mzee aliacha kumrusharusha mtoto magotini. Alikaa akitazama mlango wazi. Jasho dogo lilimtoka juu ya mdomo. Kisha, taratibu sana, kama mtu anayetua chungu kilichojaa, alimwinua Aisha kwa mikono miwili akamrudisha kwa mama yake, kofia na yote.

"Chukua mutoto, mama Aisha."

"Mzee?"

"Chukua mbio. Na ufungue fomu yako." Alivuta beseni kutoka chini ya benchi, akaondoa gazeti mwenyewe, mbele ya watu wote. "Leo andika ukweli. Andika na saa."